Fundi wa sola asiondoke kabla ya kupanga kontrola

Mkulima akishauza mpunga au korosho zake na kuamua kununua umeme wa jua, mazungumzo dukani huwa juu ya paneli na betri. Wati ngapi, bei ya mwisho ni ipi. Kile kisanduku kidogo kinachokaa katikati, chaji kontrola, huongezwa mwishoni kama mfuko wa kubebea sukari. Wapo hata wanaoambiwa si lazima. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha za watu wetu zinapopotea, maana betri ndiyo inayowahi kufa, na mlinzi wake ni kontrola.

Paneli inayoitwa ya volti 12 hufikia volti 21 au 22 jua likiwa kali na hakuna kilichounganishwa. Betri ya kawaida ya tindikali hujazwa hadi volti 14.4 hivi, kisha inatakiwa ishikiliwe kwenye 13.6 hadi 13.8. Isipozuiwa maji yake hukauka, na kwa betri kavu hakuna pa kuyaongeza. Kwa upande mwingine, taa na redio zikiinyonya mpaka chini ya volti 11 kila usiku, sahani zake za risasi hujenga ukoko mgumu na haishiki tena chaji kama mwanzo. Kontrola huzuia yote mawili.

Huzuia iwapo imepangwa. Nyingi zina kitufe cha kuchagua aina ya betri: ya maji, kavu, ya jeli, na siku hizi lithiamu. Kipimo kinachotoka kiwandani si lazima kiwe cha betri uliyonunua wewe. Betri ya maji hunufaika ikipandishwa juu kidogo mara moja moja ili seli zake zilingane. Jeli ukiipa kipimo hicho unaiharibu, na lithiamu haikitaki kabisa. Maelezo yamo ndani ya boksi, lakini kwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Mama mwenye genge ayasome vipi? Hiyo ni kazi ya muuzaji, aifanye mbele ya mteja na kuandika aina ya betri kwenye risiti. Betri ikifa kabla ya muda tutajua nani alaumiwe, badala ya kila mara kumwambia mteja kwamba "umeitumia vibaya".

Kuna na suala la kuunganisha. Betri hutangulia, ili kontrola itambue kama mfumo ni wa volti 12 au 24. Ndipo paneli, na taa mwisho. Kufungua ni kinyume chake. Anayeanza na paneli anaweza kuiunguza kontrola mpya siku ileile. Fyuzi nayo ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri; wengi huiruka kuokoa shilingi chache, wakati betri ikipiga shoti inaweza kuchoma nyumba.

Wenye saluni wana tatizo lao. Inveta ya mashine za kunyolea huvuta ampea nyingi, hivyo hufungwa moja kwa moja kwenye betri. Ni sawa, lakini hapo kontrola haiwezi tena kuikatia, na inveta nyingi hukata kwenye volti 10.5, betri imekwishaumia. Kinyozi asome namba mwenyewe na aache kunyoa mapema.

Na anayetarajia kukua anunue kubwa. Paneli ya wati 100 hutoa karibu ampea 6, kontrola ya ampea 10 inaimudu. Ukiongeza paneli ya pili kama hiyo umeivuka.

Ningeshauri sehemu ya ujira wa fundi ibaki mkononi mwako hadi kesho yake. Kama ni betri ya tindikali na jua limewaka vizuri bila matumizi makubwa, mchana namba ipande hadi 14 na kitu, halafu betri ikishajaa ishuke kwenye 13.7 hivi. Isipofanya hivyo, mpigie arudi.