Je, Mijadala ya Mtandaoni Huutikisa Mfumo?

Wahenga walilonga kuwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii huwajia wengi wanapowatazama Wakenya wakijadili siasa mtandaoni usiku kucha, wakiwabandika viongozi lakabu, kisha kukipambazuka kila mmoja akashika hamsini zake. Je, washiriki hawa wa kawaida huupinga mfumo au huutumbuiza tu?

Wapo wanaoshikilia kuwa huutikisa, na ushahidi wao mkuu ni Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipotolewa, vijana waliusoma kifungu baada ya kifungu, wakaufasiri kwa lugha za kienyeji na kuufafanua kwa video fupi. Pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16 na lile la kodi ya magari ya asilimia 2.5 yaliondolewa tarehe 18 Juni. Wiki moja baadaye wabunge waliupitisha Mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi.

Hata hivyo, kilichomzuia ng'ombe hapo si kelele. Ni ujuzi wa vifungu, ukifuatwa na miguu barabarani, tena kwa gharama ya makumi ya roho.

Aidha, mfumo una subira kuliko hasira ya umma. Mnamo Julai Baraza la Mawaziri lilivunjwa, lakini baadhi ya waliofutwa wakarejeshwa. Desemba 2024 sheria mpya za ushuru zikatiwa sahihi, zikiwa na baadhi ya mapendekezo yaliyokataliwa Juni. Wakati huo wajadili wengi walikuwa wamehamia hoja nyingine. Hata lakabu ya "Zakayo", mtoza ushuru wa Biblia, ilibutuka: mwishoni mwa mwaka huo Rais mwenyewe aliyataja majina aliyobandikwa kwa mzaha. Kejeli ambayo mlengwa anaweza kuicheka humburudisha mnyonge, ikamfanya aamini kuwa ametenda ilhali amesema tu.

Haifai, pamoja na hayo, kuyabeza maneno. Yangekuwa bure, serikali isingeikaza mwaka 2025 Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Kinachotiliwa shaka ni mjadala unaokomea kwenye kicheko. Ule unaokomea kwenye swali, likaelekezwa kwa mwenye wajibu wa kulijibu, ndio unaouma. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 hulilazimu Bunge kuushirikisha umma. Atakayewasilisha maoni yake kwa kamati husika amepiga hatua ambayo matusi elfu hayawezi kuipiga.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata kazi. Katiba hiyo iliifanya lugha hii kuwa rasmi, ilhali miswada huendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Atakayeufasiri mswada mmoja kwa Kiswahili ambacho mama mboga atakielewa atakuwa ameupinga mfumo kuliko atakayebuni lakabu ya mia moja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo iliyo karibu zaidi na raia ni kuijua sheria kwa lugha yake.