Picha za juu si za wenye droni pekee

Ukitaka kuiona Kabuchai kutoka juu, kawaida inabidi usubiri mwanasiasa aje Chwele, au mtu mwenye pesa zake aoze binti. Hapo ndipo utasikia ule mlio kama wa nyuki angani. Watu wote watainua vichwa na watoto wataacha kula. Kufikia jioni picha zitakuwa zimezunguka kwenye WhatsApp: umati, mahema meupe, magari yaliyopangwa kama meno. Basi, imeisha. Mto Kuywa ukifurika, hakuna picha ya juu. Ile njia ya mtaani kwenu ambayo jirani ameisogezea ua mwaka baada ya mwaka, hadi imebaki ya kupita ng'ombe mmoja, nayo haina picha.

Yaani jicho la angani tumewaachia wenye hafla. Na ukimuuliza kijana yeyote kwa nini, atakwambia droni ni ghali. Ni kweli. Hata zile ndogo za kukunja zinakumeza makumi ya maelfu, na nyingi zinavuka laki moja. Lakini nani alisema picha ya juu lazima itoke kwa droni ya dukani?

Kuna ndege ya rimoti. Nayo si ile ya plastiki inayouzwa karibu na Krismasi na kufa kabla ya mwaka mpya. Nasema ile unayoiunda mwenyewe kwa ubao wa povu, ule mweupe wenye karatasi pande zote mbili ambao wachora mabango hutumia. Kuna jamaa wa Ohio, Marekani, wanaojiita Flite Test, ambao kwa miaka mingi wametoa michoro ya ndege kama hizi bure mtandaoni. Unaichapisha kwenye karatasi pale saiba, unakata kwa wembe, unakunja, unagundisha kwa gluu ya moto. Mabawa unayashikilia kwa mipira ya kufungia noti na vijiti vya mishikaki. Sikutanii, vijiti vya mishikaki ni sehemu halali ya mchoro.

Povu na gluu ni pesa ndogo. Kinachokula mfuko ni vitu vya ndani: mota, kidhibiti cha mwendo wake, savo za gramu 9 zinazosukuma mkia, betri ya lipo, chaja yake na rimoti yenyewe. Ukizunguka Luthuli Avenue kule Nairobi, au ukimtuma mtu anayejua anachokitafuta, kwa hesabu yangu utahitaji kati ya elfu 20 na elfu 30 kwa kila kitu kipya, pamoja na kamera ndogo. Rimoti ndiyo usiibanie. Hiyo utaibeba kutoka ndege hii hadi ile, hata miaka mitano. Ndege yenyewe itakufa. Itaanguka kwenye miwa, itakwama kwenye mti, na utaiunda tena Jumamosi inayofuata kwa mia chache. Droni ya laki ikianguka kwenye miwa unalia. Hii unabeba vipande na kucheka njia nzima.

Kwa hiyo bajeti halisi si ya kununua, ni ya kuanguka. Nunua propela tano badala ya moja. Jifunze kurusha bila kamera kwanza, wiki kadhaa, hadi kutua kusikutoe jasho.

Halafu kumbuka unaishi wapi. Video nyingi utakazotazama zimepigwa na watu wanaorushia karibu na usawa wa bahari. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya bahari, na Kabuchai nayo ni nchi ya miinuko, mguuni mwa Mlima Elgon. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi, hivyo bawa linapata mshiko mdogo, na ndege iliyoelea vizuri kwao inaweza kushuka kama tofali kwako. Punguza uzito, ongeza bawa. Na urushe asubuhi. Ukingoja saa nane mchana msimu wa mvua, wingu la Elgon litakukuta na ndege yako angani.

Kamera je? Usifunge simu nzima, ni nzito. Kuna vikamera vya gramu 40 hivi, kama Mobius, vinavyopiga picha vyenyewe kila sekunde mbili bila wewe kugusa kitu. Kiweke juu ya kipande cha sponji la kuoshea vyombo, kitazame chini moja kwa moja, kisha hakikisha propela haiyumbi, la sivyo picha itatoka imepinda kama maziwa mala yakitikiswa. Baadaye tafuta upya mizani ya ndege, kwa sababu kamera imebadilisha uzito. Ukiibeba kwa vidole viwili chini ya mabawa, karibu robo ya upana wa bawa kutoka mbele, isilalie pua wala mkia.

Sasa hesabu, ile tanjenti uliyoichukia Kidato cha Pili. Kamera inayoona upana wa nyuzi 60, ikiwa mita 100 juu, inashika chini yake upana wa mita 115 hivi kwa mita 87. Hiyo ni kama hekta moja, yaani ekari mbili na nusu, kwenye picha moja. Ndege ikienda mita 12 kwa sekunde na kamera ikipiga kila baada ya sekunde mbili, kila picha inasogea mita 24 tu mbele ya iliyotangulia, kwa hiyo zinalaliana zaidi ya theluthi mbili. Kulaliana huko ndiko programu ya bure kama OpenDroneMap inakohitaji ili kuziunga ziwe ramani moja. Dakika kumi angani zinatosha kupata shamba la ukoo mzima, kutoka barabarani hadi mtoni. Mimi sikumaliza chuo, na hesabu hiyo naifanya kwa kikokotoo cha simu.

Na kama unadhani ndege za povu ni mchezo wa watoto, tazama Zanzibar. Mwaka wa 2016 Tume ya Ardhi ya kule ilianza kuvipiga picha visiwa vyote, Unguja na Pemba, na waliorusha walikuwa pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Walichorusha ni eBee, ndege ya Uswisi ya povu, bawa la chini ya mita moja, unairusha kwa mkono kama mshale wa karatasi. Akili yake ni ya bei mbaya, sikatai. Lakini mwili wake ni povu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mradi wa Ramani Huria ulikuwa umeanza Dar es Salaam, ukitumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa inayofurika kama Tandale, na picha za juu zikiwa sehemu ya kazi hiyo. Hakuna aliyewaambia wale vijana wasubiri harusi.

Tofauti kati yao na wewe si pesa peke yake. Wao walikuwa na karatasi. Na hapa ndipo nataka tuzungumze kama watu wazima.

Kenya ilikaa miaka mingi bila sheria inayoeleweka kuhusu vyombo hivi. Kanuni za kwanza zilitupwa na Bunge mwaka wa 2018, na zinazotumika zilitoka mwaka wa 2020. Msimamizi ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege nchini. Mwenye chombo awe ametimiza miaka 18, kisajiliwe, na kukiingiza nchini kunahitaji kibali. Usipite futi 400, ambazo ni mita 120 hivi. Kaa mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyokuhusu. Kaa mbali na viwanja vya ndege: kilomita 10 kwa vikubwa, kilomita 7 kwa vidogo. Kwa hiyo kijana wa Kitale mjini apime kwanza alipo na uwanja wao wa ndege kabla hajafungua gluu. Kuna watakaokwambia yako ni mwanasesere tu, haihesabiwi. Ukishaifunga kamera, usiegemee hoja hiyo. Waandikie KCAA uwaulize, uwe na jibu kwenye simu siku askari atakaposimama kando yako.

Kanuni zenyewe sizichukii. Ndege ya nusu kilo ikimwangukia mama wa watu pale sokoni Chwele, hakuna atakayeuliza ilikuwa povu au chuma. Ninachochukia ni kwamba mlango umetengenezwa kwa kipimo cha kampuni. Mpiga picha wa harusi atalipia karatasi, aongeze kwenye bei ya bwana harusi, yaishe. Kijana anayetaka kupiga kingo za mto wao hana bwana harusi wa kumlipisha. Matokeo ni mawili: anaacha, au anarusha kwa kujificha. Na anayejificha hafundishwi na mtu, ndiye atakayeangushia watu ndege.

Dawa iko karibu kuliko tunavyofikiri. Kwa Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti. Kaunti ya Bungoma inaweza kuchukua kimoja tu, ikasajili ndege mbili za mafunzo kwa jina la chuo, ikamlipia mwalimu mmoja leseni, ikapata ruhusa ya uwanja mmoja kwa asubuhi za Jumamosi. Chuo tayari kina fundi umeme, seremala na meza. Kinachokosekana ni mtu wa kuweka sahihi. Trans Nzoia nao wafanye hivyo, tuone nani atamaliza kwanza. Ukimwona mwakilishi wadi wako kwenye matanga wiki hii, na utamwona, muulize hilo badala ya kumwomba ya soda.

Nawe kwa upande wako kuna mambo ambayo KCAA haitakufundisha. Vijijini kwetu bafu nyingi ni mabati manne au nyasi, bila paa. Fikiria hilo taratibu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na kuna sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019, lakini kabla ya sheria kuna mama wa boma lile mwenye panga. Pitia kila boma jana yake, sema saa utakayorusha, mwone mzee wa kijiji, na ukimaliza rudi uwaonyeshe picha. Nimeona wazee wakishika simu dakika kumi nzima, wakionyeshana kwa kidole mti uliopandwa na baba yao.

Hapo pia ndipo hatari ilipo. Mashamba yetu yamegawanywa na kugawanywa tena kati ya ndugu, na picha inayoonyesha mtaro umehama inaweza kuwasha moto ambao wewe huwezi kuuzima. Picha yako si kipimo cha sorovea. Usiiuze kama ushahidi wa mpaka, hata akikupa elfu tano. Na Agosti ya mwaka wa tohara, kama huu wa 2026, wakati vijana wanatoka mtoni alfajiri wamepakwa tope, acha ndege ndani ya nyumba. Hakuna ruhusa ya kuomba hapo.

Kama hata hiyo elfu 20 huna, kuna njia ya zamani zaidi. Mfaransa Arthur Batut alipiga picha ya mji wake wa Labruguière mwaka wa 1888 kwa kufunga kamera kwenye tiara, akitumia utambi unaowaka polepole kubonyeza kitufe. Tiara, ile ile uliyorusha ukiwa darasa la nne. Haina betri wala mota. Unahitaji kitambaa chepesi cha mwavuli uliovunjika, fito mbili nyepesi, uzi imara wa nailoni, glavu ili usikatwe vidole, na kikamera cha gramu 40 kikining'inia mita kumi hivi chini ya tiara ili kisiyumbe sana. Upepo wa kutosha ukianza kusukuma majani ya migomba, toka nayo. Kaa mbali na nyaya za stima, usifunge uzi kwenye pikipiki ya mtu, na rudisha chini ukiona wingu jeusi upande wa Elgon.