TAMKO LA TAWI: KABLA YA KUISEMA OMAN, TUANZE NA NYUMBA ZETU



Leo, Juni 16, ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Ni tarehe hiyo hiyo, mwaka 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba Na. 189 wa kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Tumeona ni siku nzuri ya kusema jambo ambalo sote tunalijua na sote tunalipita.

Kila inapoletwa kwenye kundi hili sauti ya binti wa Kitanzania aliyekwama Uarabuni, tunachachamaa. Tuna haki. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti. Wapo waliofanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku. Chini ya mfumo wa kafala, hawakuweza kubadili mwajiri bila ridhaa ya kafili.

Sasa tujiulize. Yule binti anayeshuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis na kimfuko chake, katokea Singida, Dodoma au Iringa, akapokelewa na dalali na kuletwa Temboni, Baruti au Kimara Mwisho, kafili wake ni nani? Ni sisi.

Hela ya dalali na nauli tunazikata kwenye mishahara yake ya mwanzo. Simu tunaiweka kabatini. Mshahara tunamwambia "nakutunzia", na siku akiudai tunamhesabia sahani alizovunja. Kule wanashika pasipoti, huku tunashika mshahara. Mwisho wake ni mmoja: anataka kuondoka na hana nauli.

Hatuwanyooshei vidole wengine. Kwenye kikao cha kamati yetu tuliulizana ni nani amempa dada wa kazi wake mkataba wa maandishi. Hakuna aliyenyoosha mkono.

*Sheria inasemaje?* Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu dada wa kazi kama inavyomhusu karani wa benki. Maelezo ya ajira yawe ya maandishi. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Kila wiki apumzike saa 24 mfululizo. Likizo ya malipo ni siku 28 kwa mwaka. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Amri ya Mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaka anayelala kwa mwajiri apate si chini ya sh. 60,000 kwa mwezi, na anayekuja na kurudi kwao sh. 120,000. Hicho kilikuwa kima cha chini, si zawadi.

Tunajua majibu. "Mbona anakula na kulala bure?" Ndiyo maana kima chake katika amri hiyo kilikuwa nusu ya yule wa kuja na kurudi. "Yeye ni kama mwanangu." Mwanao halali jikoni, wala hukai na hela yake miezi sita.

Lipo jibu moja zito. Mama anayetoka saa kumi alfajiri kuwahi Kariakoo, faida yake haifiki hiyo 60,000. Huyu hatumlaumu, lakini shida yake haiwezi kubebwa na binti wa miaka 15. Kina mama watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia mlezi mmoja wa mchana, alipwe vizuri na arudi kwake jioni. Tawi litasaidia kuwaunganisha.

*Tunapendekeza:*

1. Kila mwanachama mwenye dada wa kazi aandike naye mkataba na kumlipa mkononi au kwenye simu yake, kila mwezi.
2. Anayemshikia dada mshahara amlipe wote kabla ya mwisho wa mwezi huu.
3. Serikali za mitaa tunazichagua. Mwanachama anayedaiwa mshahara na dada wa nyumbani kwake asiombe tawi limpitishe.
4. Tuwaeleze kina dada kuhusu CHODAWU, chama chao cha wafanyakazi, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kulalamika, madai mengine siku 60.
5. Ukiona mtoto anafanyishwa kazi, piga 116 au mwone ofisa ustawi wa jamii. Usiseme "ya ndani hayanihusu".

Tutalijadili Jumapili ijayo saa kumi jioni. Mwenye dada wa kazi aje naye akipenda kuja. Atakaa kwenye kiti kama sisi, na atasikilizwa kwanza.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji
Kimara, Juni 16, 2024