Afya ya Jamaa: Ganzi ya Mkono na Mpira wa Usukani

 

Jumatano moja baada ya ibada ya akina mama, dada mmoja wa kikundi chetu alinivuta hadi nyuma ya kanisa. Ni mama wa watoto wanne, na kila alfajiri huendesha baiskeli kupeleka maziwa mjini, madumu mawili kwenye keria. Alifunua mkono wake wa kulia uliokuwa umefichwa ndani ya kanga. Kidole cha mwisho kilikuwa na lengelenge la moto.

"Dada," akaniambia kwa sauti ndogo, "nimeungua kwenye sufuria ya uji, wala sikusikia. Ni ukoma huu, sivyo? Baba watoto sijamwambia."

Kwa miezi mitatu alikuwa amebeba hofu hiyo peke yake. Alikuwa ametenga kikombe chake, na mtoto wake mdogo alikuwa hambebi tena. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Niliushika mkono ule kwa mikono yangu miwili, tukaomba, kisha nikamwambia, "Kesho asubuhi twende zahanati. Hata ukiwa ukoma, unatibika kwa vidonge, na dawa zake hutolewa bure. Tena hauenei kwa kikombe wala kwa kushikana mikono."

Zahanati walimpima vizuri. Hakuwa na baka lolote lisilo na hisia, mshipa wa fahamu kwenye kiwiko haukuvimba, na sukari yake ilikuwa sawa. Jambo moja lilitufungua macho: upande wa ndani wa kidole ulikuwa na ganzi, lakini mgongo wa mkono karibu na kidole hicho ulisikia hata ncha ya pamba. Hapo nikamwomba anionyeshe baiskeli yake. Upande wa kulia wa usukani mpira ulikuwa umekwisha, chuma kimezungushiwa kitambaa, na kiti kimeinamia mbele. Jibu likawa pale.

Mkono una njia mbili za mishipa ya fahamu zinazopita kwenye kifundo. Moja hupita katikati na kuhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Nyingine hupita pembeni, upande wa kidole cha mwisho, katika mfereji mwembamba ulioelezwa mwaka 1861 na daktari Mfaransa aitwaye Guyon. Hapo mshipa hauna nyama nyingi ya kuukinga. Mwendeshaji akiegemeza uzito wake pale, na barabara ikamtikisa kwa saa nzima, mshipa hubanwa kati ya mfupa na chuma. Kwanza huja mchomo kama wa sindano, kisha ganzi, na mwisho vidole hukosa nguvu. Tawi linalohudumia mgongo wa mkono huwa limekwisha kuchepuka kabla ya kufika kwenye mfereji huo, ndiyo sababu mgongo wa mkono wa dada yetu ulikuwa mzima.

Basi, mama mpendwa, ukienda dukani kununua mipira ya usukani, usichague rangi tu. Angalia haya:

1. Unene. Chuma cha usukani wa baiskeli nyingi kina unene wa milimita 22 hivi, na mipira mingi huufikisha milimita 30 hadi 34. Ushike kama unavyoendesha. Ncha ya kidole gumba na ya kidole cha kati zigusane au zikaribiane. Ukiwa mwembamba mno utaukaza kwa nguvu, ukiwa mnene mno vidole vitachoka. Mpira unaomfaa mumeo huenda usikufae wewe.

2. Ugumu. Ubonyeze kwa kidole gumba. Plastiki ngumu hupitisha kila mtikisiko. Lakini usidanganywe na sponji laini sana, kwani hubonyea mpaka mkono ukakuta chuma, na pia hunyonya jasho na kuchanika upesi. Mpira wa wastani, unaobonyea kidogo na kurudi, ndio bora.

3. Umbo. Iko mipira iliyopanuliwa upande wa nje kama kiganja kidogo. Hiyo hutandaza uzito wa mkono ili usikae mahali pamoja. Wenye safari ndefu wainunue wakiipata, ila waifunge vizuri: kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, kisikunjwe juu wala chini.

4. Urefu. Kiganja chote kikae juu ya mpira. Ukiwa mfupi, ukingo wake utakuchoma palepale panapouma.

5. Mshiko. Mpira usizunguke. Iko inayokazwa kwa skurubu, nayo ni imara. Ile ya kusukumwa, mwambie fundi aivalishe kwa maji ya sabuni au spiriti, kisha uache ikauke kabisa kabla ya kuendesha. Asipake mafuta! Mpira uliopakwa mafuta huteleza, ukachomoka mkononi ukiwa mteremkoni.

Aidha, mpira mpya peke yake hautoshi kama kiti kimeinama. Kiti kinachotazama chini husukuma mwili wote mikononi. Mwombe fundi akisawazishe, na usukani uinuliwe kidogo ikiwezekana. Uendeshapo, viwiko viwe vimelegea, badilisha mahali pa kushika mara kwa mara, na kila baada ya muda simama ukunjue vidole.

Neno moja kuhusu watoto. Tazama leo baiskeli wanayochezea uani. Je, ncha za usukani zimezibwa? Mtoto akianguka, usukani hugeuka na ncha ile humchoma tumboni. Ncha ya chuma tupu ni mbaya zaidi. Nje huenda pakaonekana alama ndogo tu ya duara, kumbe ndani ini, bandama au utumbo umepasuka. Mtoto aliyeangukia usukani, akilalamika tumbo, akitapika au akipauka, mpeleke hospitali mara moja, usingoje kesho. Mpira mzima wenye kifuniko mwishoni ni kitu kidogo, nao ni kinga.

Tena, si kila ganzi ni ya baiskeli. Nenda ukapimwe kama ganzi imekaa zaidi ya wiki mbili hata baada ya kupumzika, kama vidole vimepungukiwa nguvu au vimeanza kujikunja, kama una baka la ngozi lisilosikia, au kama miguu nayo ina ganzi. Ukoma na kisukari vyote vikiwahiwa, mkono huokolewa. Na wakati wa ganzi, tumia kitambaa kushika sufuria, kwa maana mkono usiosikia hauwezi kukuonya.

Dada yetu alibadilisha mipira yote miwili, kiti kikasawazishwa, na kwa wiki mbili mumewe ndiye aliyepeleka maziwa. Ganzi ilipungua polepole, ikaisha baada ya miezi miwili hivi. Lakini mimi nilifurahi mapema zaidi, siku ile niliyopita kwake nikamkuta amempakata mtoto, wakinywa uji kikombe kimoja.

Kitabu cha Mithali, sura ya 31, kinamsifu mwanamke kwa kazi ya mikono yake. Mikono hiyo Bwana ametukabidhi tuitunze. Kama kuna jambo unalolificha ndani ya kanga, mama, mtafute mtu wa kumwambia juma hili.

Mungu azibariki nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.