Kadi ya nauli ije, lakini konda asiachwe kituoni

"Frateri, hiyo kadi ikishaingia kwenye daladala, mimi nitakula wapi?"

Aliyeniuliza ni kijana wa jumuiya yetu ndogondogo, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, na kondakta wa daladala hapa Dar es Salaam. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa baada ya mazoezi. Nikamjibu harakaharaka kwamba kila kitu kipya kina faida zake. Alitabasamu kwa adabu, akaaga, akaenda zake. Nilibaki nikijua kwamba sikumjibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na ninyi mnaosoma muwe mashahidi.

Tuanze na kadi yenyewe. Ni kipande cha plastiki chenye chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa ndani. Haina betri. Ukiisogeza karibu na mashine, mashine huipa nguvu ya umeme bila kugusana, chipu inaamka, inatambuliwa, nauli inakatwa, mlango unafunguka. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko wa kufungua pochi. Hong Kong wanatumia kadi ya Octopus tangu mwaka 1997, na London wanatumia Oyster tangu 2003. Kwetu si jambo geni tena. Abiria wa mwendokasi, ulioanza kubeba watu Mei 2016, wamezoea kulipa kituoni kabla ya kupanda basi, na wavukao kwenda Kigamboni wameijua N-Card. Kinachobaki ni daladala, na huko ndiko waliko watu wengi katika jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 5.3.

Nakiri mapema kwamba naiunga mkono kadi. Nani kati yetu hajawahi kushuka akidai chenji huku gari linaondoka? Nani hajaona mwanafunzi akizuiwa mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo? Mashine haina haja ya kumnunia mtoto mwenye sare. Na kama serikali inataka kufidia pengo la nauli ya mwanafunzi, kadi inaweza kuonyesha ni wanafunzi wangapi walipanda gari lipi, na mwenye gari akalipwa chake. Hilo haliwezekani kwa noti zilizokunjwa vidoleni mwa konda.

Basi kwa nini jambo jema namna hii lilishindikana kwa jirani zetu? Nairobi walijaribu mapema. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay kwa abiria wa matatu. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikaagiza malipo ya fedha taslimu yakome, tarehe ikawekwa, ikasogezwa hadi Desemba, na Desemba ilipofika abiria waliendelea kulipa mkononi kama kawaida. BebaPay ikafungwa mwaka 2015.

Wengi husema wenye matatu na wafanyakazi wao walikataa maendeleo. Mimi naona sababu iko ndani zaidi. Kadi zilikuwa zaidi ya moja na hazikuelewana, hivyo abiria hakujua anunue ipi. Nauli yenyewe ilikuwa ikipanda mvua ikinyesha na kushuka mchana. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba gari zima lilikuwa linaishi kwa fedha ya siku ile ile. Mafuta, pancha, chakula cha mchana na ujira wa dereva na konda vyote vilitoka kwenye nauli iliyokusanywa kabla jua halijazama. Ukiichukua nauli ukaipeleka benki bila kupanga kwanza nani atalipwa nini na lini, umewaambia watu wawili wafanye kazi leo wakiwa hawajui watakula nini jioni.

Hali yetu haina tofauti. Hapa tunaita hesabu. Mwenye gari anataka kiasi chake kila jioni, iwe foleni, iwe mvua, iwe msiba. Kinachozidi baada ya mafuta ndicho cha dereva na konda. Mwaka 2015 madereva waligoma nchini, na mikataba ya ajira ilikuwa mojawapo ya madai yao. Hesabu ndiyo inayomfanya dereva akimbize gari, ajaze watu mpaka mlangoni, na akatishe safari abiria wakiwa bado ndani. Tunawalaumu kwa tabia, nasi tuna haki ya kulaumu, lakini mtu anayelipwa kwa mabaki atagombania mabaki.

Hapa ndipo kadi inapoweza kuwa baraka. Ikiwa kila nauli inaandikwa, mwenye gari anajua gari limeingiza kiasi gani. Hawezi tena kudai hesabu ya kubahatisha, na dereva hawezi kuficha. Kikijulikana kilichopatikana, mshahara unawezekana, na mafao ya uzeeni pia. Papa Leo XIII aliandika juu ya ujira wa haki mwaka 1891 katika waraka wa Rerum Novarum, na hadi leo tunaufundisha darasani. Ni vigumu kuona ujira huo utapatikanaje kwenye daladala ambalo hakuna anayejua liliingiza nini jana.

Kigali inatupa somo la upande wa pili. Mwaka 2013 jiji lile liligawa njia zake kwa kampuni chache zilizopewa mikataba, na kadi ya Tap&Go ikaja baadaye, Desemba 2015. Angalieni mpangilio: kwanza alijulikana nani anawajibika kwa njia ipi, ndipo ikaja mashine. Nairobi ilitaka mashine ifanye kazi ya mkataba. Mashine haiwezi.

Wapo watakaoniambia, "Frateri, unawatetea makonda? Hao ndio wanaotutukana na kutudhulumu chenji." Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini konda huyo huyo ndiye anayempakatia mama mtoto, anayemshika mkono mzee asiyeona, anayejua kwamba binti fulani hushuka hospitali. Kazi ya kukusanya noti itakwisha, na sitamdanganya kijana wa kwaya kwamba haitakwisha. Ila kazi ya kuhudumia abiria haiishi. Watahitajika watu wa kuuza na kujaza kadi vituoni, wa kukagua, wa kuwasaidia wageni na wagonjwa. Wanaostahili kupewa nafasi hizo kwanza ni hawa waliokwisha zijua njia na watu wake. Hilo liandikwe kwenye mpango kabla ya kununua mashine moja.

Upo pia upande wa abiria maskini. Fikirieni mama anayetoka Mbagala saa kumi alfajiri kwenda Feri kununua samaki. Nauli yake ameifunga kwenye kona ya khanga, na haijawahi kuzidi safari mbili. Kwake bei ya kadi ni mtaji wa siku. Salio lililolala kwenye kadi ni samaki ambao hakununua. Na kadi ikikataa saa hizo, vibanda vyote vimefungwa. London walipoacha kupokea fedha taslimu kwenye mabasi, Julai 2014, waliruhusu mwenye kadi yenye salio pungufu apande safari moja zaidi, deni akalilipe atakapojaza. Kama jiji tajiri liliona haja ya huruma hiyo, sisi tutaiachaje?

Jambo jingine ni siri za mtu. Kadi iliyosajiliwa kwa jina inajua unalala wapi, unasali wapi, unatibiwa wapi. Mwaka 2010 huko Hong Kong ilibainika kwamba kampuni ya Octopus iliuza taarifa za wateja karibu milioni mbili kwa makampuni mengine. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Itumike hapa mapema, na abiria asiyetaka kujisajili apate kadi isiyo na jina.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kadi iwe moja kwa mwendokasi, kivuko na daladala. Iuzwe kwa bei ndogo, na anayeirudisha arudishiwe salio lake. Safari moja ya dharura iruhusiwe. Fedha taslimu zisifungiwe mlango hadi vibanda vya kujazia viwe karibu na watu, hata pembezoni. Na kabla ya yote, dereva na konda wawe na mkataba na mshahara.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' aya ya 153, aliugusa usafiri wa umma na hali zisizolingana na utu ambamo watu wengi husafiri. Utu huo ni wa aliyekaa kwenye kiti, wa aliyesimama akishika bomba, na wa anayening'inia mlangoni akiita abiria.

Kijana wetu nitamwona tena Jumamosi. Nitamwambia kwamba kadi itakuja, na kwamba ni vizuri ije. Nitamwambia pia kwamba swali lake halikuwa la woga, ni swali ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza na wenye kupanga. Na ninyi mnaoalikwa kwenye vikao vya mtaa na mikutano ya wadau wa usafiri, msikubali ajenda ifungwe kabla halijajibiwa.