Kinamasi cha mlimani hakilindwi kwa tangazo

Kati ya 2003 na 2004 Rwanda ilijikuta haina umeme wa kutosha. Vituo viwili vya nguvu za maji vilivyokuwa tegemeo lake, Ntaruka na Mukungwa, vilishindwa kuzalisha kama kawaida kwa sababu maji ya ziwa Burera yalikuwa yameshuka. Serikali ikageukia jenereta za dizeli, bei ya umeme ikapanda, na aliyelipa ni mwananchi. Mvua zilikuwa haba, na kituo cha Ntaruka hakikuwa kimetunzwa ipasavyo. Hayo ni kweli na hatuyafichi. Lakini sababu nyingine ilikuwa juu mlimani, katika kinamasi cha Rugezi. Huko watu walichimba mifereji ili wakaushe ardhi na kulima, huku vilima vinavyokizunguka vikiachwa vitupu na kumwaga udongo wake bondeni kila masika.

Rugezi iko kaskazini mwa Rwanda, mita zipatazo 2,050 juu ya usawa wa bahari. Maji yake huteremka hadi Burera, kutoka Burera hupita Ntaruka na kuingia Ruhondo, kisha huendelea kwa mto Mukungwa hadi Nyabarongo, Akagera na ziwa Viktoria. Anayekitazama kinamasi hicho kutoka barabarani huona majani tu. Majani hayo ndiyo yanayofanya kazi. Ndago za majani mapana na nyasi ndefu ngumu zimeshikana mizizi, na zinapokufa hazimalizi kuoza kwa kuwa maji yamezuia hewa isizifikie. Mabaki yake hulaliana karne baada ya karne yakawa mboji nyeusi inayofyonza maji ya masika na kuyaachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mfereji mmoja ukipasuliwa katikati, maji hukimbia, hewa huingia, mboji huanza kuoza na kunywea, na ndago huwaachia nafasi magugu ya nchi kavu. Ndege mdogo ambaye wanasayansi humwita Bradypterus graueri, asiyepatikana popote duniani ila katika vinamasi vya milima ya Bonde la Ufa la Magharibi, hupoteza makazi. Aliye mbali, kwenye swichi ya taa, hajui kilichotokea.

Kila kinamasi huongozwa na maji yanayokilisha. Vipo vinavyoishi kwa mvua peke yake, na maji hayo yana chumvichumvi kidogo sana. Vingine hulishwa na chemchemi ambazo maji yake yamepita ndani ya mwamba na kubeba madini. Milima ya Alpi huko Uswisi ina vingi vya aina hii ya pili, hasa penye mawe ya chokaa. Mimea yake ni midogo na ya namna nyingi: ndago fupi zilizopewa jina la mtaalamu wa mimea Edmund Davall, kuvumwani wa rangi ya hudhurungi, okidi, na mmea wenye majani ya utelezi unaonasa wadudu na kuwameng'enya. Maji yanayoilisha yamejaa kalisi, lakini kalisi hiyo hushika fosforasi na kuinyima mizizi. Kwa sababu ya njaa hiyo hakuna mmea unaoweza kurefuka ukaifunika mingine, na yote hupata mwanga. Mbolea ya shamba jirani ikitiririka humo, njaa hukoma, nyasi ndefu huvamia, na jamii nzima ya mimea iliyokaa pamoja kwa maelfu ya miaka husongwa ikafa. Yaani kinamasi kinaweza kuharibiwa na mtu ambaye hakukanyaga humo wala hakung'oa jani moja.

Tunaitaja Uswisi kwa sababu nyingine pia. Jeshi la nchi hiyo lilipotaka uwanja wa mazoezi katika kinamasi cha Rothenthurm, wananchi walikusanya saini, na tarehe 6 Desemba 1987 wapiga kura wakaamua kwamba vinamasi vyenye uzuri wa pekee na umuhimu wa kitaifa vilindwe na katiba. Humo hairuhusiwi kujenga wala kubadili ardhi, isipokuwa kwa ajili ya ulinzi wenyewe au kilimo kilichokuwapo tangu zamani. Ni vigumu kupata ulinzi wenye nguvu kuliko huo. Hata hivyo wataalamu waliofuatilia hali ya vinamasi hivyo katika miaka iliyofuata waliona vingi vikizidi kukauka na kurutubika. Mifereji ya zamani iliendelea kunyonya maji, naitrojeni kutoka mashambani iliendelea kushuka na hewa, na palipoachwa bila kufyekwa vichaka viliingia. Katiba iliheshimiwa, lakini mifereji haikuzibwa kwa kasi iliyotakiwa.

Hilo ndilo tunalotaka viongozi wa ukanda wetu walitazame bila kukwepesha macho. Rwanda ilipitisha sheria ya mazingira mwezi Aprili 2005, na Desemba ya mwaka huo Rugezi pamoja na maziwa ya Burera na Ruhondo yakaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, eneo la kwanza la nchi hiyo kupewa hadhi hiyo. Haikuishia kwenye karatasi. Kilimo ndani ya kinamasi kilikomeshwa, mianzi na majani vikapandwa ukingoni, matuta yakachimbwa vilimani, majiko ya kuni chache yakagawiwa. Maji yakarudi, na umeme pia. Tunaisifu kazi hiyo kwa moyo mmoja.

Lakini aliyetoka shambani ili taa ziwake mjini ni nani? Ni mkulima wa mlimani, ambaye mara nyingi hana kipande kingine cha kulima, aliyekuwa akichunga na kukata majani ya kuezekea na kufumia mikeka humo humo. Serikali inayomwondoa ina deni kwake, na deni halilipwi kwa hotuba siku ya kupanda miti. Uswisi humlipa mkulima anayefyeka majani ya kinamasi mwishoni mwa msimu na kuacha kutia mbolea, kwa kuwa anafanya kazi ya umma. Kampuni za umeme na maji zinazofaidika na vinamasi vyetu hazina sababu ya kutofanya vivyo hivyo. Mkulima asiyelipwa atarudi na jembe usiku, na hatutakuwa na haki ya kushangaa.

Majirani nao wasijione wako salama. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema serikali inashikilia ardhioevu kwa amana ya wananchi. Kampala ilipokea mkutano wa mataifa ya Ramsar mwezi Novemba 2005, wa kwanza kufanyika Afrika. Hata hivyo mabonde ya mafunjo kuzunguka mji wa Kabale yamegeuzwa malisho na bustani, moja baada ya jingine, tangu enzi za ukoloni. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1990, Tanzania mwaka 2000. Na amana, kama ile ya katiba ya Uganda, ina maana inayojulikana hata na mtoto aliyetumwa dukani na kuachiwa chenji. Afisa anayetoa hati ya kiwanja ndani ya kinamasi, au anayefumba macho tingatinga likishuka bondeni, ametumia mali ya watu aliyoaminiwa, na anastahili kushtakiwa kwa hilo, si kuhamishiwa wilaya nyingine.

Kwa hiyo tunadai mambo yanayoweza kupimwa. Kila kinamasi cha mlimani kinacholisha bwawa la umeme au bomba la mji kiwekewe visima vya kupimia kina cha maji, na vipimo vitangazwe hadharani kila mwaka. Mimea yake ihesabiwe na wataalamu wa vyuo vyetu wanaozijua ndago kwa majina, kwa sababu ndago hubadilika kabla ziwa halijashuka. Mifereji ya zamani izibwe, kwa fungu la fedha lililoandikwa kwenye bajeti ya nishati. Fungu hilo likiachiwa wizara ya mazingira peke yake, ndilo hukatwa kwanza. Na wanaoishi kandokando ya vinamasi walipwe kwa ulinzi wanaoufanya.

Wabunge wa Afrika Mashariki watakapoketi kujadili bajeti ijayo, wamuulize kila waziri wa nishati swali moja: maji yanayozungusha mitambo yako yanatoka kinamasi gani, na mara ya mwisho ulikipima lini? Asiye na jibu asipitishiwe fungu hadi alilete.