Kikombe cha hedhi kije na mafunzo

Tangu 2017, sheria inaitaka Serikali ya Kenya kuwapa wasichana wa shule za umma waliobaleghe sodo za kutosha bila malipo. Nia ni njema, ila sodo huhitajika kila mwezi, na ugavi ukikatika anayeumia ni msichana.

Kikombe cha hedhi cha silikoni, ambacho huingizwa ukeni kukinga damu, kinaweza kuziba pengo hilo, kwani kikitunzwa hudumu hata miaka 10. Uchambuzi wa tafiti 43 uliochapishwa na jarida la Lancet Public Health mwaka 2019 ulionyesha kuwa ni salama, na hakivuji zaidi ya sodo.

Hata hivyo, kukizoea huchukua miezi kadhaa. Anayekijaribu mara ya kwanza huenda akashindwa kukiweka vizuri au akaogopa kuwa hakitatoka. Anahitaji muuguzi au shangazi wa kumwelekeza, maji safi, sabuni, choo chenye faragha na sufuria ya kukichemshia. Wazazi wenye hofu kuhusu ubikira nao wasikilizwe na kuelezwa waziwazi.

Kwa hivyo, anayegawa vikombe shuleni atangulize mafunzo na kurudi kuwafuatilia wasichana. Asiyetaka kikombe aendelee kupewa sodo.